Maziwa Kwenye Friji ya Chanjo

Kwa miaka mingi Sista Muhonja amechanja watoto wa Lurambi kwenye kliniki ya Daktari Wanzala. Asubuhi hiyo ndani ya friji ya chanjo alikuta jagi la maziwa ya chai ya daktari. Lilikuwa limezuia mlango kufungika usiku kucha, na kipimajoto kilikuwa kimepanda. Alimwita daktari, akamwonyesha.

"Sista, nawe unaogopa maziwa?" daktari alicheka. "Chanja, akina mama wanangoja."

"Naogopa mtoto achanjwe dawa iliyoharibika, daktari, na mama yake arudi nyumbani akidhani surua haitampata."

Daktari hakucheka tena. "Ukiwafukuza, kesho usirudi."

Muhonja alitoka nje. "Chanjo zimeharibika, mama zangu. Kosa ni letu."

"Kwa hivyo tumetoka Kabras bure?" mmoja alifoka.

"Bure, mama. Nisamehe."