Unyoya Mdomoni mwa Jiko

Pale Matsangoni, jirani wa Kache, mama muuza mahamri, alikuwa na jiko la debe alilolibuni mwenyewe uani, na kila asubuhi alilipima kwa unyoya wa kuku. Huushika kwa vidole vyake vyenye makovu ya mafuta, akausogeza penye mdomo wa kuni. Ukivutwa ndani husema, "Linapumua." Ukitulia, huchomoa kuni, akaachia hewa nafasi chini yake, akajaribu tena. Hata hivyo moshi haukukoma kumfuata mwana wa Kache hadi ndani kwao, naye alikuwa akikohoa hadi macho yanamtoka.

Siku moja Kache alisikia nyundo, akatoka mbio na mtoto mgongoni. Akamkuta jirani ameibana kwa magoti sufuria ya shaba aliyoachiwa na marehemu mamake, ile asiyomwazima mtu, anaitoboa kitako.

"Mama wee! Umeingiwa na nini?"

"Dohani ni fupi, mwanangu. Hewa haivutiki."

"Sufuria ya mamako!"

"Mamangu hapiki tena. Huyu wako ndiyo kwanza aanza kupumua."

Akaisimamisha juu ya dohani ya jiko, ikairefusha, akainua unyoya. Ukamponyoka vidoleni, ukamezwa na moto, na moshi ukapanda wima ukapita paa la makuti. Kache alingojea kikohozi mgongoni. Hakikuja.