Gari Lililosimama Bila Simba

Naipanoi hakuwa na ugomvi na likizo. Hakuijua tu. Katika miaka sitini na miwili ya maisha yake hajawahi kuamka akakuta ng'ombe wamekubaliana kwamba leo hawakamuliwi. Kule kwake Endulen mtu anapumzika akiumwa, na akizidi kupumzika, majirani wanaanza kukusanyika.

Lakini mwanawe Olais alikuwa amerudi. Olais ni mhudumu wa mezani kwenye meli ya watalii, na meli yenyewe, jamani, si mchezo: ghorofa kumi na nne, na juu kabisa kuna bwawa la kuogelea, yaani mtu anaogelea kwenye maji yanayoelea juu ya maji mengine! Miaka minne alikuwa huko. Akarudi na masanduku mawili, akampitia Arusha mkewe Neema na binti yao Witness wa darasa la saba, na wote watatu wakatua Endulen na wazo ambalo Olais alikuwa amelibeba toka baharini.

"Yeyo," alimwambia mama yake, kwani Wamaasai ndivyo wanavyomwita mama, "wageni wa meli yetu wanakuja familia nzima. Bibi, babu, wajukuu. Siku saba hakuna anayepika, hakuna anayefua. Na sisi tutafanya hivyohivyo."

"Siku saba tunakaa tu?"

"Hatukai tu! Kuna ratiba. Familia isiyo na ratiba inarudi nyumbani imechoka na imenuniana. Yenye ratiba inafaidi kila dakika."

Basi ng'ombe wakaachiwa shemeji yake Lembris, na Naipanoi akapelekwa Karatu kwenye nyumba ya kupanga yenye vigae, geti na mlinzi. Ratiba ilibandikwa mlangoni kwa gundi. Saa moja chai. Saa mbili na nusu kuondoka. Saa saba chakula. Saa tisa kupumzika, kama vile saa nyingine walikuwa wanalima.

Siku ya kwanza walipelekwa kwenye bwawa la hoteli fulani. Naipanoi akakaa kitini na mashuka yake mekundu, akitazama wajukuu wa watu wakirukia maji. Siku ya pili walitembelea shamba la kahawa, wakaonyeshwa namna ya kunusa kahawa bila kuinywa. Akirudi nyumbani akishika kikombe akioshe, Neema anakinyakua. "Mama, pumzika bwana!" Akienda getini kutazama barabara, mlinzi anasimama. "Mama unatoka? Mzee kasema usitoke peke yako, boda boda zinakimbia sana hapa." Akishika ufagio, anapokonywa kwa heshima zote.

"Witness," alimuuliza mjukuu wake jioni ya pili, "hebu niambie ukweli. Nimekosea nini?"

"Hujakosea, Koko!" Witness alijibu, akimwita bibi yake kwa Kimaasai. "Unakula raha."

"Aa. Kumbe ndiyo hii."

Alivumilia kwa sababu moja. Siku ya tatu, mstari wa kwanza, Olais alikuwa ameandika KRETA. Na Naipanoi alizaliwa humo.

Si ukingoni, si Endulen. Chini kabisa, kwenye sakafu ya kreta ya Ngorongoro, siku hizo watu walipokuwa bado wanaishi humo na mifugo yao. Boma la baba yake lilikuwa huko. Alichunga ndama huko mpaka alipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, ndipo wakahamishwa wote, wakapanda juu. Baadaye wanaume waliteremka na ng'ombe kufuata chumvi, wakarudi na habari. Wanawake walibaki na nyumba. Miaka hamsini Naipanoi ameiona kreta kutoka juu tu, kama mtu anayechungulia sufuria. Alitaka kitu kimoja: ashuke, asimame kwa miguu yake pale lilipokuwa boma, hata kwa muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Alimwambia Olais mara mbili. Mara zote Olais alijibu, "Usijali Yeyo, kreta ipo kwenye ratiba," akiwa anachezea simu.

Jumatano wakaondoka kwa Lendikruza ya kukodi. Dereva alikuwa Patrisi, Mwiraki wa Endabash, kabila la wakulima jirani na Wamaasai, mtu wa miaka hamsini hivi mwenye kicheko cha tumboni. Alipoona mashuka ya Naipanoi alianza uchokozi hapohapo.

"Shikamoo mama. Ng'ombe wa babu yangu hawajambo?"

"Marahaba. Wapi? Babu yako hakuwa na ng'ombe, alikuwa na maharage."

"Alikuwa nao kabla nyie hamjapita usiku!"

"Basi tuliwatunza. Ungewaona walivyonenepa."

Patrisi akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Naipanoi akajisikia mtu. Wakashuka barabara ya Seneto, ukungu ukaachia, na ziwa likatokea kule chini, jeupe pembeni kwa magadi. Alishika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Baba Patrisi," alisema, "tukifika chini utanishusha karibu na kile kilima kidogo, boma letu lilikuwa hapo. Nitatembea mwenyewe."

Patrisi akamtazama kwenye kioo. Safari hii hakucheka. "Mama, chini huku hakuna kushuka. Mlango haufunguliwi mpaka pale kwenye eneo la pikiniki. Ndiyo sheria. Nikikushusha, leseni yangu inabaki huku na wewe unabaki na nyati."

"Mimi nyati nawajua."

"Wewe unawajua. Wao wa leo hawakujui."

Naipanoi akaachia chuma cha kiti. Alikuwa amejiandaa kwa baridi, kwa vumbi, hata kwa machozi. Kwa mlango hakuwa amejiandaa.

Paa lilifunguliwa. Olais, Neema na Witness wakavua viatu, wakasimama juu ya viti, vichwa nje. Yeye chini aliona mapaja sita na soksi. Dirishani pundamilia walipita, nyumbu wakapita, mbweha akapita amebeba kitu. Kila walipoona mnyama Olais alisema "Hiyo tayari!" na Witness akapiga picha. Redio ya Patrisi ilikoroma: faru ameonekana, upande wa pili.

"Twende!" Olais akapiga paa kwa kiganja. "Faru ndiye mkubwa wa ratiba!"

"Na kilima?" Naipanoi aliuliza kutoka chini.

Upepo ulikuwa mwingi. Hakuna aliyesikia, isipokuwa Patrisi, na Patrisi alikuwa kazini. Kilima kikapita upande wa kushoto, kikawa kidogo, kikaisha.

Faru alikuwa mbali sana, kama jiwe. Walimtazama nusu saa, zamu kwa zamu kwa darubini moja. Naipanoi alipopewa darubini aliiona kope yake mwenyewe, akasema mnyama mzuri, akairudisha.

Saa saba wakafika eneo la pikiniki, penye chemchemi na viboko. Milango ikafunguliwa. Magari mengine yalishapanga hapo, watu wananyoosha migongo, mwewe wanazunguka juu wakisubiri paja la kuku la mtu mzembe. Neema akampa mkono. "Haya mama, shuka sasa. Si ulitaka kushuka?"

"Nitakaa."

"Mama, toka asubuhi umekaa!"

"Mahali wanaponiruhusu kushuka si kwangu. Kuleni."

Neema akamtazama, akatazama miguu ya mkwe wake iliyobanwa pamoja kwenye mpira wa sakafuni, akaondoka taratibu. Witness akaja na boksi la chakula, akarudi nalo. Mwishowe akaja Olais, na mwewe akiwa ameshamchukulia nyama, mkononi kabaki na mkate.

"Yeyo, unaniaibisha. Watu wanaona kama nimekufungia."

"Hujanifungia?"

Olais akatazama magari mengine. Naipanoi hakupandisha sauti. Aliongea Kimaasai sasa, polepole, kama anayeongea na mtoto aliyeamka vibaya.

"Umeniletea bwawa, nikatazama. Umeniletea kahawa, nikanusa. Mimi nilikuomba kitu kimoja, na hata leo hujaniuliza kiko wapi."

Olais akakaa kwenye ngazi ya gari, mgongo kwake. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Kiko wapi?"

Chakula kilifungwa hapohapo. Ratiba ilisema viboko, halafu simba wa upande wa mto. Olais akamwambia Patrisi warudi kwenye kilima kidogo. Patrisi akaangalia saa. "Tunayo nafasi, ila saa kumi na moja lazima tuanze kupanda. Geti halimsubiri mtu. Na kushuka hashuki, tunaelewana?"

"Tunaelewana," alijibu Naipanoi kabla ya mwanawe.

Walipofika, hakutambua kitu. Nyasi tu. Swala wawili. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Je, aliota? Aliijua ardhi hii kwa kimo cha msichana anayetembea nyuma ya ndama, sio kutoka kwenye kiti cha gari.

"Koko, kulikuwa na mti?" Witness aliuliza.

"Hakukuwa na mti. Kulikuwa na…" Akainua macho kutoka kwenye nyasi, akatazama ukingo wa kreta unaozunguka pande zote. Ukingo haukuwa umehamishwa. "Jua lilitokea kwenye lile pengo. Ndama wakipotea, baba aliniambia tafuta pengo liwe usoni, na hicho kilima kiwe kimeziba ncha ya ziwa. Ukisimama hapo umefika nyumbani. Baba Patrisi, nenda mbele."

Patrisi akaenda mbele.

"Rudi. Rudi kidogo. Ncha inaonekana bado."

"Mama, leo umenifanya ndama."

"Ndama wangu walikuwa wanasikia haraka. Mbele, mguu mmoja. Hapo! Simama hapo."

Kilima kilikuwa kimeziba ncha ya ziwa sawasawa. Pengo lilikuwa usoni. Naipanoi alichungulia kulia, kisha kushoto, akitafuta ni upande gani. Halafu akaelewa, akaweka kiganja mdomoni.

"Liko wapi, Yeyo?"

"Chini yetu. Barabara imepita juu ya boma. Tumesimama ndani."

Patrisi akazima injini bila kuambiwa.

Witness akatazama chini. Kati ya miguu ya bibi yake na ardhi alikozaliwa kulikuwa na mpira, bati, na hewa inayozidi kidogo goti la mtu. Naipanoi akavua kandambili zake za matairi, akaweka nyayo kwenye sakafu ya gari. Mpira ulikuwa wa moto. Akatazama kitasa cha mlango. Wote wakaona anavyokitazama, na yeye hakukigusa.

Ndipo gari la kwanza likaja. Huko kreta ukiona mwenzako amezima injini, ujue kuna kitu, na dereva mzuri haulizi, anasogea. Likasimama nyuma yao. La pili likasimama ubavuni. Dakika kumi hazijaisha, magari saba yamewazunguka, mbele hakupitiki na nyuma hakupitiki, wageni wametoa vichwa na kamera ndefu, mmoja ana kofia ya njano, wote wanatazama nyasi.

Dereva wa jirani akashusha kioo, akanong'ona, "Patrisi! Simba?"

"Hapana."

"Chui?"

"Hapana, bwana."

"Sasa nini? Wageni wangu wananiuliza!"

Patrisi akajikuna shingo. "Waambie ni nyumbani kwa mtu."

Yule dereva akatazama nyasi tena, kwa makini zaidi. Kisha akamwona Naipanoi dirishani, akaelewa, akavua kofia. Lakini wageni wake hakuwaambia.

Neema alianza kucheka chinichini, akashindwa kuacha, na Witness naye, na hata Naipanoi mabega yakamtikisika. Olais peke yake hakucheka. Alikuwa ameteremka kutoka kwenye paa, amekaa sakafuni kabisa karibu na miguu ya mama yake, suruali yake nzuri kwenye vumbi.

"Yeyo, nikwambie kitu? Ile meli imenifikisha kwenye miji zaidi ya arobaini. Nimeshuka kwenye sita. Ikitia nanga, wageni wanashuka, sisi tunabaki kupanga meza za usiku. Nilikuwa nawapigia simu nasema leo niko mji fulani. Nilikuwa nimeuona kwenye dirisha la duara, hivi." Akaonyesha kwa mikono. Lilikuwa dirisha dogo kama sinia.

Naipanoi hakuwa amejua. Picha zote alizotumiwa zilikuwa na bahari nyuma.

"Na ulikuwa unafanya nini hapo dirishani?"

"Natazama tu. Mpaka iondoke."

"Basi geuka huku. Tutazame."

Akamwonyesha. Lango la ng'ombe lilikuwa kwenye tairi la mbele. Nyumba ya mama yake, upande wa Neema. Zizi la ndama, kwa yule mgeni mwenye kofia ya njano. Kila alichotaja, Olais aliuliza kingine, na Witness akataka kujua walikuwa wanacheza wapi, na mvua ikinyesha je, na simba je, na Naipanoi akajibu kila swali mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyepiga picha.

Saa kumi na moja kasorobo Patrisi alikohoa. Akaonyesha saa yake.

Naipanoi akatema mate kidogo kwenye kiganja, akatoa mkono dirishani kadiri ulivyofika, akayapangusa kwenye hewa, kuelekea chini. Hivyo ndivyo kwao unavyobariki kitu unachokipenda. Vidole vyake havikufika popote karibu na ardhi.

"Endesha, baba."

Patrisi akawasha, akapunga mkono ili magari yampishe, nayo yakaanza kuondoka moja moja yakinung'unika. Walipokata kona kuelekea msitu wa Lerai, Witness aligeuka nyuma. Mgeni mwenye kofia ya njano alikuwa bado amesimama juu ya kiti, darubini machoni, anatafuta.