Unga wa Mzizi Ndani ya Ulanzi

Mwanangu, asubuhi ya harusi ya Festo siisahau. Ilikuwa Mafinga, huko Mufindi, miaka ya sabini. Mimi kijana wa Kisafwa nilitoka Mbalizi kufuata kazi ya kupasua mbao, na Festo, Mhehe wa hapo hapo, ndiye niliyekaa naye chumba kimoja.

Vijana wa kiwandani walimtania wiki nzima. "Msumeno wenyewe una meno huo?" Wakacheka, naye akacheka, kumbe hofu imeshamwingia. Hakuwa na tatizo lolote, alikuwa mzima kama mimi. Lakini jioni ya kuamkia harusi alinunua kwa mchuuzi wa njiani unga wa mzizi, eti wa nguvu za kiume, akaukoroga kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliokwisha kuchacha, akanywa. Alitaka kujijaribu kwanza. Haya, nani ajuaye kipimo cha unga usiojulikana, tena ndani ya pombe?

Asubuhi nilimkuta amejikunja chini ya blanketi, jasho linamtiririka na baridi yote ile ya Mufindi. Moyo ulimwenda mbio. Nguvu aliyoitafuta ilikuja tangu jana, ikagoma kuondoka, sasa ni maumivu matupu.

"Usimwambie mtu," alinishika mkono. "Itatulia tu. Watanicheka, bwana."

Nje wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Nilizunguka nyumba ile naogopa kusema, naogopa kunyamaza, akifa je? Mwisho nikaenda kwa babu yake, maana kule babu na mjukuu ni watani, hakuna neno la chumbani lisilosemeka baina yao.

Babu hakucheka. Alimwinamia, akasema, "Mjukuu wangu, mtani wako nipo hapa, si ungeniuliza? Kila bwana harusi huogopa, hata mimi niliogopa. Nani alikwambia woga ni ugonjwa?"

Kisha akasimamisha lori la mbao, tukampeleka hospitali Iringa. Bibi harusi tulimwacha amekaa na shela lake, hajui hata aulize nini.

Daktari aliokoa uhai wake. Ila alisema tumechelewa, damu imekaa humo mno bila kuondoka. Festo aliingia kwenye ulanzi ule akiwa mzima, akatoka hospitali na ugonjwa ule ule ambao dawa yake aliinywa. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa naichukulia kuwa methali ya kuchekesha. Festo hakupata mtoto.

Leo nawaona mnanunua vidonge vya namna hiyo kwa sifa tu. Mwanangu, dawa ni ya mgonjwa, na mgonjwa hupimwa kwanza. Ukiwa mzima haikuongezei kitu ila wasiwasi, kesho ujione huwezi bila hiyo. Vidonge hivyo huweza kushusha presha, na ukivichanganya na baadhi ya dawa za moyo vinaua. Kama una tatizo kweli, nenda kwa daktari. Kama ni woga, zungumza na mkeo, au njoo kwangu, sasa nami ni babu. Na likikupata la Festo, usingoje litulie, kimbia hospitali. Acha watu wacheke.

Mungu akulindie mwili wako, mwanangu, na siku hofu itakapokujia, akupe mtu wa kumwambia kabla hujashika kikombe.