Nzi wa Shangazi na Kisahani cha Mama

"Nimewalisha samaki miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja aliyerudisha sahani."

Shangazi aliyasema hayo kwenye sherehe ya kumuaga mhasibu wa karakana yao, amesimama, kipande cha keki mkononi, mbele ya wafanyakazi wote na wenzi wao. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa nilikuwa nimealikwa kubeba viti na sikutaka kunyimwa keki.

Kwa wasiomjua: kazi ya shangazi yangu ni kufunga nzi wa bandia wa kuvulia trauti, yule samaki wa mito ya baridi mwenye madoa kama aliyerushiwa wino. Anachukua ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, anaibana kwenye jiriwa, anaizungushia uzi wa hariri, manyoya ya sungura na unyoya wa kuku, mpaka inafanana na mdudu aliyekufa maji. Nzi wa namna hii haelei. Anatakiwa azame kidogo, aburuzwe na mkondo, trauti amwone na kumdhania chakula. Kuna watu wazima, wenye akili zao, wanaovaa suruali za mpira hadi kifuani na kuingia kwenye maji ya barafu ili wamtupe nzi huyo mara mia mbili. Hao ndio wateja.

Chumba chake kipo uani, nyuma ya jiko letu, na ukiingia pua inakuomba ruhusa ya kutoka. Masikio ya sungura yametundikwa ukutani kwa pini, mawili mawili, kama yanasikiliza umbea. Mabawa ya bata yamelala kwenye maboksi ya viatu pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Kuna na ngozi ya fuko iliyokaushwa vibaya, ambayo siku za mvua hukumbuka kwamba iliwahi kuwa nyama. Uzi wake anaupaka nta, kisha anaulainisha kwa ulimi, na kwa ulimi huohuo anakuja kuonja mchuzi wetu. Mimi nimewahi kutoa unyoya kwenye sukari, kwenye mswaki, na mara moja, mbele ya mgeni, katikati ya meno yangu.

"Wifi, hiki ni chumba au ni buchari ya ndege?" Mama alimuuliza siku moja, amesimama mlangoni na kanga puani.

"Ndicho kilichomsomesha mwanao, wifi."

"Nusu," Mama akajibu, akanitazama mimi badala yake. Diploma yangu ya maabara iliishia katikati, na kwetu haipiti wiki bila kukumbushwa.

Sasa ajabu yenyewe ni hii. Mtu huyu, anayeshika maiti za sungura kama anakunja soksi, hawezi kumtazama samaki. Hakuwahi kumgusa hata mmoja. Ule utelezi, yale macho yasiyofumba, ile harufu inayobaki vidoleni baada ya sabuni tatu: alikuwa akiyasimulia huku anajipangusa mikono, na hakuna samaki aliyekuwa karibu. Nyumbani kwetu samaki hapikwi. Jirani akikaanga, Shangazi anafunga dirisha na kulala bila kula.

Miaka minne kabla ya mkasa ninaousimulia alikuwa amepandishwa kuwa mkaguzi. Alipewa kiti cha dirishani, mto wa kukalia, taa yake peke yake, na wembe. Mafundi kumi na mmoja wakimaliza, wanamletea. Nzi aliyemridhisha anaingia sandukuni, asiyemridhisha anakatwa. Aliyekatiwa zaidi ya wote ni binti mmoja waliyemwita Chapchap, kwa sababu hufunga nzi wawili wakati mwenzake anatafuta miwani. Nzi wa Chapchap walikuwa wembamba, unyoya umezungushwa mara moja na nusu basi.

"Huyu nzi amenyonyolewa, au anaumwa?" Shangazi humuuliza, na wembe unashuka.

Yeye alitaka nzi wanono. Alitaka kifua kilichojaa, tena unyoya mgumu wa jogoo unaong'aa, si ule laini wa tetea. Na kweli, sandukuni walipendeza kama maharusi waliopangwa kupigwa picha.

Kisha sanduku likarudi. Hoteli moja ya kando ya mto ilirudisha nzi mia tatu pamoja na barua iliyosema kwamba trauti wanawatazama na kupita zao. Sahani ilirudishwa, tena na chakula chote. Bosi wa karakana alimpa Shangazi wiki moja: aende mtoni na nzi wake mwenyewe, ajue kasoro iko wapi, arudi Jumatatu na jibu. Akikosa jibu, kiti anapewa Chapchap. Shangazi alitueleza habari hiyo akiwa ameinama kwenye sinki ananawa. Kurudi benchi kulimaanisha kukaa katikati ya watu bila mto wala dirisha, na kila alichofunga kikaguliwe kwa wembe na binti ambaye yeye Shangazi angeweza kumzaa.

Mama akaamua niende naye, ili awepo wa kumvuta akitumbukia.

Mtoni tulipokewa na mlinzi wa mto, mzee waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Alichukua nzi mmoja wa Shangazi, akamsifia, na akiwa bado anamsifia akamtia mdomoni, akamnyonya kama pipi. Alisema nzi wa kuzama ni lazima alowe mate kwanza.

Shangazi akamnyooshea kiganja. "Kaka yangu, mtoe huyo mdomoni. Sungura wa sikio hilo alikuwa na viroboto."

Redio akamtoa, akamkagua, akasema mbona hajasikia ladha tofauti, akamrudisha.

Tulivua kuanzia saa tatu hadi adhuhuri. Nzi wa Shangazi, na kifua chake chote kile, aligoma kuzama. Alikaa juu ya maji kama bata aliyeshiba, anazunguka na kusokota kamba. Trauti mmoja tu ndiye aliyejitokeza. Alimsogelea, akamwangalia, akageuka kama mteja aliyetajiwa bei. Redio akachoka. Akachomoa kwenye kofia yake nzi mkongwe, nusu uchi, manyoya yameliwa na meno ya samaki wa miaka mingi, akamtupa mara tatu, na samaki huyo. Akamgonga kichwani kwa rungu dogo. Shangazi alikuwa amegeukia vichaka, mikono masikioni.

"Amekula nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Mpasue umuulize," Redio akasema, na kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Samaki nilimbeba mimi, ndani ya mifuko mitatu. Shangazi alitangulia hatua ishirini mbele, upande unakotokea upepo.

Tulipofika nyumbani Mama hakuwepo. Shangazi alisema anataka chombo cheupe ili kila kitu kionekane, na cheupe pekee jikoni kilikuwa kisahani cha seti ya wageni, ile ya vikombe sita ambayo hata mimi sijawahi kunywea. Akakiweka mezani, akanipa kisu.

"Si ulisomea maabara?"

"Nusu, shangazi."

"Basi pasua hiyo nusu."

Nikapasua. Tumbo la trauti ni kama kidole cha glavu kilicholowa. Nililikamua kuanzia juu kwenda chini, kama dawa ya meno inayoisha, na ukatoka uji mweusi wenye vipande, ukatandazika kwenye maua ya kisahani cha Mama. Harufu ilikuwa ya matope, chuma, na kitu kilichokuwa kimeanza kuwa kitu kingine. Mdudu mmoja alikuwa bado anachezesha mguu. Shangazi alifika sinki, akatapika. Akasukutua, akarudi, akaangalia, akaenda tena. Safari ya tatu alivaa miwani, akashika kibano chake cha kazi, akamwagia kisahani kijiko cha maji na kuanza kuwatenganisha mmoja mmoja, machozi yanamtoka, midomo ameikaza kama bahasha.

Wote walikuwa wembamba. Mabawa yameganda mgongoni, miguu imebaki miwili, mitatu, mwili umelowa umekuwa kama uzi. Hakukuwa na kifua. Hakukuwa na kinachong'aa.

"Nimewavalisha nguo za harusi watu waliokufa maji," alisema. Akakisogeza kisahani kwa ncha ya kibano. "Miaka minne namkatia mtoto wa watu, naye ndiye aliyepatia."

Jumatatu alikibeba kisahani hicho karakana, wadudu wakiwa ndani ya spiriti, kimefunikwa kwa kifuniko cha sufuria. Yaliyofuata nilisimuliwa na Chapchap mwenyewe. Shangazi alikitua kando ya chai ya bosi, akafunua, akasema kosa ni lake yeye, na nzi wa Chapchap ndio sahihi. Bosi alisukuma chai yake mbali, akasema huku ameziba pua kwamba basi kiti ni cha Chapchap.

"Sawa," Shangazi akasema. "Ila wadudu hubadilika kila msimu. Atakayekaa pale atampasua trauti kila mwezi, ahesabu miguu." Akamkabidhi Chapchap kibano.

Chapchap aliinama, akavuta pumzi, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Walimsikia hadi chooni. Bosi akawageukia wale kumi waliobaki, na wote kwa pamoja wakawa wameona jambo la maana sana kwenye nyuzi zao.

Ikaamuliwa hivi: Shangazi abaki na kiti, wembe apewe Chapchap. Nzi wa kwanza kukatwa alikuwa wa Shangazi.

Hii imekuwa mara ya saba sasa ya kupasua trauti, na hajazoea. Kila mwezi anatapika kwanza, ndipo anahesabu, kisha anakaa siku mbili bila kula na kutufanya sote tukose hamu. Ile kauli ya sahani hairudii tena, hata akipewa keki.

Kisahani bado kiko karakana. Mama aliligundua pengo wageni sita walipokuja na visahani vikatoka vitano. Alipoelezwa kiko wapi na kimebeba nini, aliketi.

"Nitakichemsha, wifi," Shangazi akasema.

"Kichemshe, kisha ukilie wewe."

Dukani hawauzi kisahani kimoja. Seti nzima, vikombe sita na visahani sita, ni shilingi elfu mbili na mia nne.