Nondo wa Msitu wa Mgeta

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, wasichana wa rika letu tulishuka Morogoro Mjini kuuza mitumba. Agnes alibaki Mgeta. Kwetu Waluguru shamba la ukoo hupita kwa wanawake, na yeye ndiye binti pekee wa mama yake, kwa hiyo mjomba wake, mzee Alois, hakutaka hata kusikia habari za mjini. Ile miteremko ya kabichi ilimfunga kama mbuzi kwenye kigingi. Aliichukia, nami niliichukia kwa niaba yake.

Kisha akaja Mwalimu Rahel, mhadhiri wa chuo kikuu, kutafuta nondo mdogo wa msituni, akamwajiri Agnes. Alimfundisha kwa kumshtukiza: anamwekea nondo mbele, naye ajibu papo hapo kama ndiye au siye, bila kufikiri. Anayetafutwa ana ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, rangi yake kijivu cha magome, na akitua hukunja mabawa mfano wa paa la nyumba. Yupo mwenzake anayefanana naye mno. Tofauti ni mstari mweupe: kwa yule wa kweli unavuka bawa lote mpaka ukingoni, kwa mwenzake unakatika katikati.

Siku moja nilikuwa nimepanda kumsalimia mama, nikamkuta Mwalimu kwa kina Agnes na kikasha cha nondo waliokamatwa msitu wa chini, karibu na mji.

"Kama ni wale wale," alisema, "kazi yote tunaihamishia mjini, na Agnes naondoka naye. Mzee Alois huyu hapa ameshakubali, ingawa kwa shingo upande."

Agnes alinibana mkono hadi ukauma. Kikasha kikafunguliwa.

"Huyu?"

"Siye. Mstari umekatika."

"Na huyu?"

"Siye."

Mdomo ulishamtangulia. Nilimwona anashtuka, anakikodolea macho kile kikasha, na mimi natamani kumfinya. Angesema tu ndiye, jamani! Nani angemlaumu?

"Safi sana!" Mwalimu akapiga makofi. "Basi hatuhami. Na wewe hutoki hapa, Agnes. Kazi hii ni yako miaka yote."

Mzee Alois alifurahi mpaka akasema kuku achinjwe.

"Umeona, mpwa wangu? Mungu mwenyewe hataki uondoke."

"Nimeona, mjomba," Agnes alisema, akainuka kwenda kumkamata kuku.