Alama ya Thadei Kwenye Ramani

Margareth alizaliwa Marangu, ndoa ikamleta Karatu. Mumewe, Thadei, mwenyeji wa kijiji cha Daa hukohuko Karatu, alikuwa dereva wa gari la kliniki ya misheni, lile lililokuwa likipanda Ngorongoro na kuteremka tambarare hadi Loliondo na Sale kuchanja watoto na kupima wajawazito. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Karatu mjini, ila ukilipita geti la hifadhi, basi tena. Thadei akisafiri, mkewe alishinda roho juu mpaka asikie gari likiingia uani.

Mwaka 2003 akaja Noel, fundi wa Arusha aliyependa redio za ridhaa, zile watu wanazowasiliana nazo kwa mapenzi tu, kuliko kula. Alifunga garini redio ndogo iliyojua kupitia setilaiti ilipo, na kujitangaza hewani kila baada ya dakika chache. Minara midogo vilimani ilipokezana ishara hiyo hadi kituo cha Karatu, nacho kikaipeleka kwenye intaneti. Ukifungua kompyuta unaona ramani, na juu yake kialama cha gari kinatambaa. Noel akamfundisha Margareth, naye akafaulu mtihani wa leseni ya redio, akakabidhiwa kituo.

"Sasa nakuona hata ukisimama kula nyama choma," alimtania mumewe.

"Nimekwisha!" Thadei akacheka.

Mwaka uliofuata masika yalikuwa mabaya. Asubuhi moja kialama kilisimama kwenye korongo karibu na Sale, kikakaa hapohapo. Margareth akashika redio ya sauti.

"Thadei, Karatu hapa. Nijibu."

Kimya. Kialama kikaja tena, mahali palepale.

"Yuko hai," alimwambia Noel, aliyekuwa amekuja kurekebisha mitambo. "Si unaona bado anatuma?"

Noel akaweka bisibisi chini. "Mama Judith, ile haitumwi na mtu. Betri ikiwa nzima inajitangaza yenyewe, hata gari likiwa tupu."

Margareth akairudia redio. Alimwita Nasha, muuguzi wa zahanati ya Soitsambu, ambako kulikuwa na redio, akamweleza korongo lenyewe na upande wa kuvukia. Nasha akaondoka na pikapu na vijana wa Kimaasai wenye kamba.

Alasiri redio ikaita.

"Dada Margareth, uko na mtu hapo?"

"Niko na Noel."

"Mwambie asogee karibu nawe."

Hapo Margareth akajua. Alisikia yaliyobaki kama yanatoka nyumba ya jirani: maji ya mafuriko yalikuwa yameshuka ghafla kutoka juu yakalilaza gari ubavu. Thadei alimtoa mjamzito mmoja aliyekuwa akimpeleka hospitali, Nanyori, akarudi kumtoa mama mkwe wa Nanyori aliyekuwa akimsindikiza. Maji yakawachukua wote wawili. Nanyori walimkuta hai, ameng'ang'ania mzizi ukingoni, mwili umekufa ganzi.

Thadei akazikwa kwao Daa. Waombolezaji walimwambia mjane kwamba bila ile alama Nanyori naye angekufa. Margareth aliitikia kwa kichwa tu. Lilikuwa neno la kweli, lakini halikumwingia. Alichokitaka ni kukaa mbele ya kompyuta, kwa sababu kialama cha mwisho kilikuwa bado kipo pale korongoni, na jina la gari limeandikwa pembeni yake. Siku moja akafungua, hakipo. Akampigia Noel simu akimlaumu kwamba amekifuta.

"Sijagusa kitu, mama," Noel akasema kwa huzuni. "Gari likinyamaza muda mrefu, mtandao wenyewe unaliondoa."

Margareth akakabidhi funguo za kituo, akahamia Daa kulima vitunguu na kumlea binti yao, Judith. Redio hakuitaka hata ya taarifa ya habari.

Kiangazi Nanyori akamfuata huko, mtoto wa kike mgongoni, Nasha akiwa mkalimani. Margareth akawapa viti. Kisha Nanyori akasema jambo kwa Kimaasai, na Nasha akashindwa kulitafsiri mara moja.

"Sema tu," Margareth akamwambia.

"Anasema Thadei alimshikisha ule mzizi, akamwambia: 'Usiachie. Mke wangu anatuona.'"

Margareth akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akampakata. Kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakikutoka, na Nanyori hakumnyamazisha.