Nyigu wa Paa Moja

Nikiwapulizia dawa, watakwenda wapi? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima. Nyigu walikuwa wamejenga juu ya mlango wangu hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, na ukuta wa mbao unaonitenga na jirani haufiki kwenye mabati. Upande wa pili hulala mtoto mchanga wa Mama Neema. Nikipuliza, dawa itavuka. Nikiwaacha, watashuka wenyewe. Nilisoma ushauri kwenye simu hadi macho yakauma, lakini kila aliyeshauri alikuwa na nyumba yenye dari.

Sisi tuliokulia Mashimoni, kule Kibera, hatukuwa na dari. Paa lilikuwa moja, refu, juu ya vyumba vyote vya ploti. Samaki wa Mama Achieng, jirani yetu, tuliwanusa kabla hawajageuzwa, na ugomvi wa watu ulitufikia ukiwa mzima. Nyigu walijenga kwenye mbao za paa, vikombe vya kijivu kama karatasi iliyolowa. Watoto tulivitupia magunzi, na bingwa alikuwa anayekimbia mwisho. Mimi sikuwahi kuwa bingwa.

Jioni moja baba alijaza majani mabichi kwenye jiko la makaa, akawafukuza peke yake. Nyigu wakatoka kweli, wakapita juu ya ukuta hadi kwa Mama Achieng aliyekuwa akisonga ugali. Alitoka na mwiko mkononi.

"Baba Mutua, unanitumia wageni bila hata hodi?"

Tangu hapo, kila nyigu walipojenga, mama alipita mlango kwa mlango. "Kesho jioni tunafukiza. Anueni nguo, watoto watoke." Kila nyumba iliwasha jiko lake kwa wakati mmoja, nasi tukasimama nje tukikohoa, tukila viazi karai. "Ukifukiza peke yako," mama alisema, "unawahamisha tu."

Siku hizi, hapa Kongo, tuna grupu ya simu ya kulalamikia maji, lakini kwenye korido hatusalimiani. Majirani wangu nawajua kwa viatu vilivyo mlangoni. Nilipoandika kuhusu nyigu, nilijibiwa kwa emoji za kucheka.

Jumamosi nikagonga kwa Mama Neema. Nikapiga hodi, nikamsalimu.

"Kumbe unaongea," alisema. "Nilidhani wewe ni wa kulipa rent na kufunga mlango."

Nikamweleza kuhusu nyigu na kufukiza kwa pamoja. Akamtazama mtoto, kisha paa. "Mimi namfunika na neti na kuomba. Acha nimpeleke kwa dadangu pale steji ya 56. Wewe gonga hizo nyumba zingine."

Nikazigonga. Wenye gesi tuliwatafutia majiko ya makaa ya kuazima. Jioni, Mama Neema alipokwisha kuondoka na mtoto, milango yote ilikuwa wazi, na watu walinitazama wakingoja niseme lini.

"Sasa," nikasema, nikaweka majani yangu juu ya makaa.